Hoho Zilizolala Asubuhi

Happiness alipoolewa Makote, wilayani Newala, jambo la kwanza lililomshinda lilikuwa maji. Kwao Masasi alizoea kufungua bomba la uani na kwenda zake huku ndoo ikijaa. Huku, familia ya mumewe Alfredi ilitegemea kisima cha kuvunia mvua pembeni ya nyumba, na ufunguo wa mfuniko wake aliushika mama mkwe, Veridiana. Kwa hiyo siku Happiness alipotoka kwao na mbegu za pilipili hoho, akaanza kuokota ndoo tupu za rangi ili azioteshe humo, mama mkwe alipaza sauti majirani wasikie.

"Maji ya kunywa tunayagombania, mwenzetu anataka kunywesha ndoo!"

Watu wakacheka. Happiness akaendelea kuokota. Alizipanga ndoo kando ya ukuta na kila jioni akazimwagilia maji aliyosuuzia mboga. Miche ikakubali. Ikafika magotini, ikatoa maua meupe, na hata waliocheka wakawa wakipita wanageuza shingo.

Kisha majani yakaanza kulegea. Yakaning'inia kama masikio ya mbuzi, yale ya chini yakageuka manjano, maua yakadondoka. Happiness akadhani ni kiu, akaongeza maji. Ndiyo kwanza yakazidi kulala.

Asubuhi moja aliona udongo wa ndoo umelowa chepechepe, na pembeni yake alama za kandambili zisizo zake. Akamkumbuka jirani yao Fatu, mama wa Abdulazizi, ambaye walikuwa wamekwaruzana kwa sababu ya mbuzi wa Fatu aliyekata miche miwili. Hasira ikampanda hapo hapo.

"Mama Abdulazizi! Unanimwagia nini kwenye hoho zangu? Chumvi?"

Fatu alikuwa anapepeta mtama mlangoni kwake. Aliutua ungo taratibu. "Mimi, Happiness? Mungu anakuona." Akaingia ndani, na tangu siku hiyo wakapishana njiani kama hawajuani.

Ugomvi ulikuwa mbichi bado alipofika Yasinta, shangazi yake Alfredi, kutoka Chiungutwa, ambako alilima bustani ya mboga. Alikuja kuwasalimu tu. Happiness alipomaliza kusema shikamoo na kuitikiwa marahaba, alimwonyesha ndoo na kumweleza kisa chote, jina la Fatu likiwemo.

"Kwa hiyo kinachoziua unakijua," alisema Yasinta.

"Nakijua, shangazi."

"Mimi bado sijakijua. Acha nikae nazo kidogo."

Akaomba kigoda, akaketi katikati ya ndoo kama mtu anayemuuguza nduguye. Happiness alitarajia jibu la haraka, lakini mama yule hakuwa na haraka kabisa. Aligeuza jani moja moja kuangalia chini yake kama kuna wadudu. Hakuna. Alikata tawi lililolala zaidi, akalisimamisha kwenye glasi ya maji safi na kuliweka mbele ya macho yake.

"Kama ni ule ugonjwa wa mnyauko, hapa patatoka uzi mweupe kama maziwa," alisema.

Wote wawili wakainama juu ya glasi, wakisubiri. Maji yakabaki maangavu.

"Zinalala saa ngapi? Mchana jua likiwa kali?"

"Hata asubuhi, shangazi. Naamka nazikuta zimeshalala."

"Ehee." Hapo ndipo uso wa Yasinta ulipobadilika. Hoho inayolegea mchana na kuinuka jioni, alieleza, imechoshwa na jua tu. Inayoamka imelala, tatizo lake liko chini. Akaikumbatia ndoo moja aiinue, akaguna kwa uzito. Akachomeka kidole hadi mwisho, akakinusa, akampa Happiness naye anuse. Harufu ilikuwa ya dimbwi lililooza. Mwishowe akaulaza mche mmoja na kuutoa pamoja na udongo wake. Mizizi ilikuwa ya kahawia, inateleza, ikiguswa inachunika. Chini ya ndoo kulikuwa na tundu moja la msumari, limezibwa na tope.

"Hakuna chumvi hapa. Zinazama. Mzizi nao unataka kupumua." Akahesabu kitu kichwani. "Ila maji ya kusuuzia mboga, hata ukiyaongeza, hayajazi ndoo hivi. Kuna mtu mwingine anakusaidia."

Alisema *anakusaidia*, na Happiness alishangaa neno hilo limetoka wapi.

Wakati wa kula, Yasinta hakuuliza swali lolote. Alizisifu hoho tu. Alisema kwamba katika kijiji chenye shida ya maji namna hii, mtu anayekumbuka kunywesha mche ana moyo wa pekee, na kwamba hata kama amezidisha, kosa lake ni dogo sana. Veridiana aliacha kutafuna. Akautazama mkono wake uliokuwa na tonge la ugali.

"Wifi," alisema hatimaye, "nilikuwa nazipa hoho maji yangu ya kuoga. Alfajiri, kabla hamjaamka. Nilizionea huruma nilipoziona zinalegea mchana kwa jua."

"Mama!" Happiness alirudisha tonge sahanini.

"Nilishasema maneno mbele za watu. Ningeonekanaje na kopo mkononi?"

Happiness alimtazama kikongwe huyo aliyekuwa akijipangusa kwa kitambaa kibichi wiki nzima ili ndoo zinywe. Kisha akamkumbuka Fatu, na aibu ikamshika. Alinawa mikono, akaondoka chakula hakijaisha.

Fatu alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni. Happiness hakujitetea. Alisema amemsingizia, tena kwa sauti ambayo mtaa mzima ulisikia, kwa hiyo anaomba radhi kwa sauti ile ile.

"Nimekusikia," alisema Fatu. "Moyo wangu bado unauma, sitakudanganya. Lakini karibu ukae."

Aliporudi nyumbani alimkuta Yasinta ameshawasha moto. Veridiana alikuwa anapasha ncha ya nondo, anatoboa ndoo matundu makubwa, huku wifi yake akizipanga juu ya mawe ili maji yapate pa kutokea, mahali penye kivuli cha mchana. Happiness alikunja kitenge, akashika ndoo iliyofuata.

Yasinta alikaa hadi udongo ulipokauka. Miche mitatu ilikufa. Iliyobaki ilikawia, halafu siku moja ikaamka imesimama, na kwenye mmoja likachungulia ua. Veridiana ndiye aliyeliona kwanza. Alimwita mkwewe kwa sauti kubwa, bila kujali nani anasikia.