Mifereji Midogo ya Moyo wa Aikande

Usiku wa jana niliota nimeitwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji, kifuani mwa mke wangu Aikande.

Sikushangaa. Mimi ndiye mwenyekiti wa mfereji wa ukoo wetu hapa mlimani, na maji yakigoma popote, ninaitwa mimi. Nikachukua jembe na baragumu, nikaingia. Mlango ulikuwa nyuma ya kabati la vyombo.

Ndani ni mchana. Migomba upande huu, kahawa upande ule, na katikati unapita mfereji mkuu uliojaa damu, umenyooka, hauna hata jani. Mkaguzi aliyevaa buti za mpira anaumulika kwa tochi juani.

"Safi," anasema.

"Lakini mwenyewe akipanda kilima kifua kinambana," namwambia. "Anakaa chini njiani na ndoo yake."

"Labda ana mawazo." Anazima tochi.

"Mimi nimeshapimwa," mfereji mkuu unadakia. "Sina neno."

Aikande alijibiwa vivyo hivyo hospitalini wiki iliyopita, akaapa harudi tena. Nami naogopa. Naogopa siku moja atakaa njiani asiinuke.

Nikaufuata mfereji mkuu hadi unapogawanyika kuwa mifereji midogo, mingine myembamba kama uzi. Huko migomba ilikuwa imekauka. Kila mfereji ulizibwa kwa gogo la mgomba. Nikafanya kama tunavyofanya siku zote: nikapiga baragumu. Kwetu likilia, mwenye zamu anafungua.

Hakuna aliyefungua. Nikapuliza mpaka mashavu yakauma.

"Karibu, Baba Elisifa," likasema gogo moja kwa sauti ya kike, ya upole.

"Asante. Fungueni basi, damu ipo."

"Tunaiona. Ila umekuja na desturi za nyumbani kwako."

Mara nikajikuta ndani ya moyo wangu mwenyewe. Niliutambua kwa harufu ya ugoro. Nikapuliza baragumu mara moja tu, magogo yote yakaruka kando, hata salamu hayakutoa. Nikarudi kwa Aikande nikiwa na aibu kidogo.

"Huku baragumu halitutoshi," gogo linaeleza. "Sisi tunapashana habari kwa kugongeana. Mmoja akilegea anamgongea jirani, jirani naye anamgongea jirani yake. Sasa habari imekwama hapa kwangu."

"Mbona hukumwambia mkaguzi?"

"Kazi alijifunzia kwenye mioyo ya kiume. Huku chini hajawahi kushuka. Na nyinyi wanaume wa mfereji, lini mlimuuliza mwanamke maji yanakwamia wapi?"

Kwetu mwanamke huchota tu, kamati ni ya wanaume. Nikaliweka baragumu chini, nikapiga magoti matopeni, nikaligonga gogo kwa vidole, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe.

Likalegea. Likamgongea mwenzake. Nikasikia ngo, ngo, ngo, ikiteremka bondeni, na damu ikaifuata bila haraka, ikinywesha migomba. Nilifurahi mpaka nikalia. Mkaguzi alikuja akasimama ukingoni na tochi yake, akauliza kama anaweza kushuka. Nikamwambia avue buti kwanza.

Nikaamka. Kumekucha, na Aikande yuko macho ananitazama.

"Baba Elisifa, ulikuwa unanigongea nini kifuani?"

"Nilikugonga?"

"Taratibu tu. Nimepumua vizuri kweli."

Akaushika mkono wangu, akaugeuza. Kwenye vifundo vya vidole kulikuwa na tope jekundu, bado bichi. Akalifuta kwa upindo wa kanga, hakuuliza limetoka wapi.

"Jiandae," nikamwambia. "Tunarudi hospitali. Safari hii waangalie na ile mishipa midogo."

"Na wakisema tena ni mawazo?"

"Basi watuonyeshe yamekwama mfereji gani."

Akacheka, akainuka kutafuta viatu vyake.