Gozi ya Saba

Sista Dakika alikuwa amevua kiatu kimoja, kingine bado kiko mguuni, alipoikumbuka gozi ya saba. Alibaki ameinama vile vile, mkono kwenye kisigino.

"Kulikoni?" mumewe aliuliza. Alikuwa fundi cherehani, na swali lilimtoka huku pini ziko mdomoni.

"Niliandika sita."

Majeruhi walioletwa wodini asubuhi ile walikuwa watano, na yeye mikono yake ni miwili tu. Wenzake walimbandika jina la Dakika kwa sababu kila mgonjwa aliyemwita alijibiwa "dakika moja, nakuja," na kweli alikuwa akija. Binti aliyeanguka na pikipiki alifika paja limepasuka hadi ndani. Dakika alilishindilia gozi, vile vitambaa vyepesi vya kufyonza damu, kimoja baada ya kingine, mpaka damu ikatii. Kisha akabandika plasta mguuni na kuandika 6, maana pale ndivyo wanavyofanya: anayeziingiza anaandika, anayezitoa anasoma. Lakini kwenye korido ya eksirei damu ilichuruzika tena, akaongeza moja. Hapo hapo akaitwa kwa mzee aliyekuwa akitweta, pumzi zinamkatika. Plasta ikabaki na sita yake. Zamu ikaisha saa nane mchana.

"Si daktari ataiona mwenyewe?"

"Ikishalowa damu haina tofauti na nyama. Wanamshona saa kumi. Ikibaki mle ndani itaoza, na mguu utaoza nayo."

Alipiga simu ya wodini. Iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena, akizunguka chumba na kiatu kimoja kama kuku aliyefungwa kamba. Mumewe alizitoa pini mdomoni moja moja.

"Mke wangu, ile barua ya onyo ya mwezi uliopita hujaisahau. Walisema ya pili ndiyo ya kufukuzwa. Utamwaga unga."

"Najua."

"Nasema tu."

"Najua, baba watoto."

Akavaa kiatu, akatoka. Alianza kwa kutembea, akamaliza kwa kukimbia. Watu walimpisha njia, kila mmoja akiomba asiwe anakwenda kwao. Roho ilikuwa juu. Kuna hatua alizotamani angekuwa msahaulifu kama watu wengine, akalala zake hadi jioni, na hatua iliyofuata alijionea aibu.

Alimkuta daktari wa upasuaji ameshapiga nyuzi nne.

"Daktari, subiri. Ziko saba."

"Sista, hii si zamu yako." Daktari alikuwa mtu wa kununa hata siku za furaha. "Plasta inasema sita. Sita zimetoka, zile pale kwenye beseni. Zihesabu mwenyewe."

"Plasta nimeiandika mimi. Nimekosea."

Daktari alimtazama juu ya barakoa, kisha akachukua mkasi. Nyuzi nne zikakatwa. Akaingiza kidole, akapapasa, akakitoa kitupu.

"Hakuna kitu."

"Juu zaidi, upande wa nyuma. Niliisukuma kwa kidole cha kati."

Akapapasa tena. Saa ya ukutani ilikuwa na kelele ambazo Dakika hakuwahi kuzisikia miaka yote. Halafu kibanio kikatoka na kitu cheusi kilichojikunja, kidogo kuliko kidole gumba. Dakika akashika ukingo wa meza.

"Imetoka," daktari alisema bila kuinua kichwa. "Binti amelala, hajui lolote. Mimi sijaona kitu, na wewe uko kwako umepumzika. Nenda nyumbani, Dakika."

Ulikuwa wema, na aliupokea. Alitoka nao mpaka korido.

Mama wa binti alikuwa kwenye benchi tangu asubuhi. Alipomwona aliinuka, akaudaka mkono wake kwa mikono yote miwili.

"Mwanangu! Wamenieleza zamu yako imekwisha, na umerudi mbio kwa ajili ya mtoto wangu. Siku hizi nani anafanya hivyo? Nani?"

Mlango wa nje ulikuwa wazi, hatua kumi hazifiki. Dakika aliutazama. Alifikiria barua, akafikiria cherehani moja ikilisha watu watano.

"Mama," alisema, "sogea kidogo nikae."

Mama alisogeza mfuko wa nguo za binti, akampisha. Wakakaa, magoti yakigusana.

"Nina neno la kukwambia. Nisikilize kwanza hadi mwisho."

"Sema, mwanangu," mama alijibu, akitabasamu, mkono wa Dakika bado umo ndani ya mikono yake.