Alifutwa Akiwa Msibani

Monika, mwenye mashine ya kusaga pale Dutwa, anaapa kwamba Machibya alifumaniwa. Anasema Wazungu walimkuta kaingiza dawa kwenye kompyuta zao, moja ikazimika Ulaya, nyingine ikazimika Amerika, ndipo wakakaa kikao wakamfuta. Na dawa yenyewe aliichukulia Bukundi, siku zile alipojidai anamlilia baba yake.

"Miezi miwili, mayu! Nani analia miezi miwili?" anawauliza akina mama wateja, unga umemjaa kwenye kope.

Siku moja Joyness, mke wa Machibya, alikuwa kwenye foleni na debe lake la mahindi. Akalisogeza debe mbele. Mumewe alifutwa kweli. Hapo Monika hakukosea.

Machibya hakumaliza chuo. Umeme wa Dutwa ndio uliomfundisha. Ulikuwa ukikatika anapoandika, na ukirudi, kila alichoandika kimepotea. Akachokonoa ile kompyuta mpaka akaunda kipande cha programu kinachookoa kazi umeme ukikatika. Akakitoa bure, kikaingizwa kwenye mfumo endeshi mmoja, ule unaoiamsha kompyuta na kuiongoza, unaotengenezwa na watu wa kila nchi kwa kujitolea. Orodha ya waangalizi wa vipande vyake iko mtandaoni, kila mtu anaiona. Kwenye kipande kile jina lilikuwa moja tu, la Machibya. Miaka kumi na mmoja, kikileta shida popote, yeye ndiye anatengeneza.

"Sasa unalima shamba la nani?" Joyness alimuuliza mwaka wa kwanza, pamba yao imemezwa na magugu.

"La wote. Leo nawalimia, kesho watanilimia."

Joyness aliishia darasa la saba, lakini kulimiana alikujua: kuna anayekuja na jembe, na kuna anayekuja chakula kikiiva. Akawa anakaa pembeni ya mumewe, anachambua choroko, macho kwenye kioo cha kompyuta. Akajua watu wanaandikia wapi malalamiko, na wapi panabonyezwa ili yaende. Akamngoja wa kuja na jembe.

Akaja mmoja. Sura hana, jina la mtandaoni tu. Misimu miwili ya pamba alisaidia kurekebisha makosa, mpole, kila ujumbe asante.

Baba yake Machibya alipofariki, Machibya alimkabidhi huyo funguo zote, yaani nywila za kuingilia kwenye kile kipande.

"Waandikie na wengine kwamba umefiwa," Joyness alimwambia wakifunga mizigo.

"Mtu akifiwa anaomba ruhusa? Hapa msiba ukiingia, nani anagusa jembe kabla matanga hayajaanuliwa?"

"Hapa wanasikia vilio. Kule watasikia nini?"

"Mama Rahel, acha. Yule ni ndugu sasa. Amelima na mimi."

Bukundi mtandao ulikuwa wa kubahatisha, na Machibya ndiye mkubwa: mji wa baba, ng'ombe wa baba, wajane wa baba, vyote vilimngoja yeye. Waliporudi Dutwa jina lake halikuwepo. Mahali pake palikuwa na jina la yule mpole, na mstari mmoja wa Kiingereza. Machibya alimtafsiria mkewe bila kugeuka.

"Mwangalizi wa zamani aliitelekeza kazi."

Kabla ya msiba, kampuni moja ya Dodoma ilikuwa imekubali kumwajiri bila cheti. "Cheti chako ni lile jina," Anatoli wa ajira alikuwa amemwambia. Jumatatu Anatoli akapiga simu.

"Kaka, nimeangalia kwenye orodha, sikuoni. Wakubwa wanakaa Ijumaa. Jina likirudi kabla ya hapo, nishtue."

Machibya alimwandikia yule ndugu yake mara tatu. Kimya. Akafunika kompyuta.

"Waache. Nitalima pamba."

"Hujui kulima," Joyness alisema. Machibya akacheka, kicheko kibaya, cha kwanza tangu warudi. Jumatano akabeba jembe, akaenda.

Joyness akaifunua kompyuta. Akafika pale pa malalamiko, akaandika kwa Kiswahili, kwa vidole viwili. Katikati umeme ukakatika, na betri ilishakufa zamani. Alikaa palepale mpaka ukarudi. Akawasha. Maneno yake yalikuwepo yote, hata herufi aliyoikosea. Akamalizia:

"Shikamooni. Mimi ni mke wa Machibya. Hakuitelekeza kazi. Alifiwa na baba yake mzazi. Kwetu mfiwa hashiki jembe. Naomba mrudishe jina lake kabla ya Ijumaa."

Akabonyeza.

Alhamisi alipita mashineni. "Mwadila, mayu!" Monika alimsalimia juu ya ngurumo ya mashine. "Bado hawajamsamehe?"

"Mwadila," Joyness aliitikia, akapita.

Ijumaa asubuhi, Machibya kashaenda shambani, alifungua tena. Baada ya maneno yake yalikuwa yameongezeka malalamiko manne ya watu wanaotaka kutengenezewa. Mawili yalikwishajibiwa na yule mpole, kwa asante zake zilezile. Kwenye lile la Joyness, mahali pa kuhesabia majibu, palikuwa na sifuri. Akaacha pamefunguliwa, akavuta ungo wa choroko karibu na kioo, akaendelea kuchambua.