Mikoba Isiyo na Bitana

Telma alikuwa na ugonjwa mmoja, kama huo nao ni ugonjwa: hakuweza kumaliza mkoba. Kuufuma, hapo usimguse. Alikaa kibarazani kwake Chuno, Mtwara, uzi wa nailoni miguuni, sindano ya kufumia mkononi, na kabla hujamaliza kumpa habari za mtaani, kitako cha mkoba kilikuwa kimeshatokea, duara safi, hakina pengo wala kidonda. Lakini akifika mdomoni, pale mkoba unapodai bitana, zipu na mikanda, alikata uzi, akapiga fundo, akautundika msumarini sebuleni. Kisha akaanza mwingine.

Kuta zilijaa. Wageni walidhani ni mapambo, wakasifia. Wenyeji walijua, na kwa kuwa watu wa Chuno kunyamaza hawakufundishwa, walisema tena kwa sauti ya kusikika: "Anamsubiri Luisa."

Na kweli alikuwa anamsubiri Luisa.

Luisa alikuwa mtoto wa mama yake mkubwa, dada yake kwa hiyo, na kwa miaka mingi alikuwa nusu ya pili ya kila mkoba na kila pochi iliyotoka nyumba ile. Ndivyo mama zao walivyofanya kazi, na bibi yao kabla yao, huko ng'ambo ya Ruvuma: mmoja anafuma, mwingine anamalizia. Aliyeuanza mkoba haumalizi. Mama zao walikuwa wakisema mfumaji hayaoni makosa yake mwenyewe, anahitaji jicho la pili. Mimi nadhani walitafuta tu sababu ya kukaa mkeka mmoja. Telma hakuwahi kuuliza. Alikuwa akimrushia Luisa mkoba, Luisa anaugeuza ndani nje, anaukosoa, anacheka, anaanza kukata bitana. Na bitana zake zilikuwa na vituko: nje mkoba mpole wa rangi ya kahawia, ukiufungua unakutana na kitenge cha kasuku na mananasi. Wateja walicheka wakiwa bado wamesimama mlangoni.

Halafu Luisa akavuka kwenda Palma kumwuguza mama yake. Alisema atarudi mvua zikikatika. Mvua zilikatika, vurugu zikaingia huko, watu wakakimbia kila mmoja na njia yake, na simu ya Luisa ikawa haipatikani. Telma aliuliza kila aliyevuka mto. Wapo walioapa kwamba wamemwona Pemba, ile ya Msumbiji. Wapo waliosema huenda ameshafika Nampula. Na wapo waliomtazama tu kwa huruma bila kusema neno, na hao ndio aliowachukia.

Basi akafuma. Kumtafuta mtu mwingine wa kumalizia kungekuwa kukiri jambo ambalo hakutaka kulisikia hata kwa mnong'ono. Kila msumari uliopata mkoba ulikuwa kama sahani aliyomwekea mtu ambaye bado yuko njiani.

Aliyekuja kuivuruga ile subira yake alikuwa Ruksana, mama yake Kamran, mwenye duka Mikindani, mteja wake wa tangu enzi za Luisa. Kulikuwa na harusi katika ukoo wao, wageni wengi, na alitaka kila mwanamke atakayekuja aondoke na mkoba wa Telma.

"Sitaki mifuko ya ukutani," alisema akivua viatu. "Nataka mikoba. Yenye bitana, yenye mikanda, mtu aitie begani aende zake."

"Nitaona, Mama Kamran."

"Utaona nini? Safari iliyopita uliniambia utaona." Ruksana alinyanyua mkono akashusha mkoba mmoja ukutani, akaunyoosha mbele ya dirisha. Akaushusha wa pili. "Telma, hebu njoo. Mbona hii imekuwa soksi?"

Telma akasogea. Mkoba alioufuma ukiwa mfupi, mpana, wenye mabega, ulikuwa umening'inia mrefu na mwembamba, matundu yamefunguka. Hauna bitana ya kuubeba, umetundikwa kwa mdomo, na joto la Mtwara lenye unyevu limeuvuta polepole kuelekea sakafuni. Jambo hilo angelimkanya mwanafunzi yeyote siku ya kwanza. Yeye, fundi mzima, amelala na kuamka mbele ya ukuta ule, na hakuona. Alipata aibu ya mtu aliyemfunikia mgeni chakula mpaka kikachacha.

"Ukinimalizia, nachukua yote," Ruksana alisema, safari hii kwa upole. "Usiponimalizia, nitatafuta kwingine, na usininunie. Mpe Felista. Ana cherehani, ana mkono mzuri, yuko hapo nyuma tu. Luisa angekuwepo, mwenyewe angekwambia hivyo."

"Luisa yupo," alisema Telma.

Ruksana alivaa viatu akaondoka.

Telma alilia kidogo, kisha akaanza kuitungua mikoba. Aliipanga kwenye kiroba, iliyovutika chini, iliyonusurika juu. Ukuta ulibaki na misumari. Alikuwa ameshakiinua kiroba kukipeleka kwa Felista, na moyo wake unamwambia unamzika mtu aliye hai, ndipo mtu akapiga hodi.

Alikuwa Armando, mfanyabiashara wa vitenge anayevuka Ruvuma kila akipata mzigo. Mkononi alikuwa na kifurushi cha nailoni.

"Dada Telma, nna nzigo wako. Umetoka kwa Luisa."

Telma aliketi palepale kizingitini, juu ya kiroba.

"Yuko hai?"

"Yuko hai, nzima kabisa. Yuko Montepuez, ana kibanda chake sokoni. Analea watoto wa marehemu mdogo wake."

"Anarudi lini?"

Armando akatazama viatu vyake. "Harudi, dada. Kasema nikwambie wazi, nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mama yake kanzika kule, watoto wameshaanza shule. Harudi."

Furaha na uchungu vilimpanda Telma kwa pamoja, na havikupishana. Luisa anapumua! Luisa anauza sokoni, anapiga soga na watu wengine, na wala haji. Alitaka kumshukuru Mungu na alitaka kumzaba mtu kofi. Kwa kukosa la kufanya akafungua kifurushi.

Ndani kulikuwa na mkoba wa ajabu. Umebana kitakoni, umelegea tumboni, upande mmoja umepanda. Telma aliugeuza akitafuta ni nani aliyethubutu kuufuma hivi, akaona mafundo yote yamelalia upande usio wake, kama kazi iliyotazamwa kwenye kioo. Mtu anayetumia mkono wa kushoto. Na katika ukoo wao mzima aliyetumia kushoto alikuwa mmoja. Luisa, ambaye hakuwahi kuishika sindano ya kufumia, amejifundisha mwenyewe, ukubwani, mbali na mtu wa kumwonyesha. Mdomo ulikuwa wazi. Haukuwa na bitana.

"Kasema umalizie wewe," alisema Armando. "Mi nikamwambia mafundi wapo telele njiani, nitawapa. Akanigombeza! Eti aliyeuanza nkoba haumalizi, na safari hii kauanza yeye."

Telma aliukumbatia ule mkoba mbovu akacheka huku machozi yanamtiririka, mpaka Armando akaona aibu akaaga.

Felista alipomwona anaingia na kiroba, alisogeza cherehani. "Hii ya Mama Kamran malizia wewe," Telma alimwambia. "Huu mmoja nifundishe."

"Shoga, miaka yote hii hujui kutia bitana?"

"Sijui."

Felista alicheka kwanza, kisha akamsogezea kiti. Telma alikata kitenge akakosea, akakata kingine. Alijichoma, akafumua, akarudia. Bitana ilikaa na makunyanzi. Kila alipopitisha sindano alimtamani Luisa awepo hapo amcheke, na hakuwepo, na kazi ikaendelea hivyohivyo. Zipu ilimshinda kabisa, kwa hiyo Felista akampa kifungo cha kifuu cha nazi na kumwonyesha jinsi ya kukiweka.

Armando alipopita kuuchukua mkoba wa Luisa, safari yake ya kurudi ng'ambo ikiwa imewadia, aliukagua kama mtu anayejua. Akaingiza mkono ndani, akatoa kifungo.

"Hiki umesahau kukishona."

"Sijasahau. Nimemwachia yeye."

"Dada, kifungo kimoja! Shona, nakusubiri hapahapa."

"Nikikishona, mkoba umekwisha," alisema Telma. "Na mimi sitaki ukwishe. Mwambie akikishona, aanze mwingine."