Dirisha la Ng'ambo ya Reli

"Hiki chumba kina vitanda viwili, maji ya moto, na hospitali iko hatua mia mbili tu kutoka mlangoni," binti alisema, simu ameisogeza mpaka karibu na pua ya mama yake. "Tazama. Hata bustani ya maua ipo."

Mama Pazia hakutazama. Kwanza, jicho lake la kulia lilikuwa halioni zaidi ya ukungu, na la kushoto lilikuwa linamfuata mwenzake. Pili, alikuwa anapinda pindo, na mtu anayepinda pindo hana habari na bustani za watu. Siku hizi alishona kwa vidole kuliko kwa macho: kidole gumba kinatangulia juu ya kitambaa, cha shahada kinafuata, sindano ya cherehani inakwenda nyuma yao. Mwezi ule pekee ilikuwa imemchoma mara mbili.

"Na hiki kingine kiko mtaa wa maofisi," binti aliendelea. "Umetulia, walinzi kila kona. Uko mbali kidogo, lakini teksi hazikosekani. Chagua, mama. Upasuaji ni Alhamisi, sisi tunaingia mjini Jumanne. Sitaki tufike tuanze kuzurura na mizigo barabarani."

"Ng'ambo ya reli."

"Nini?"

"Nataka kulala ng'ambo ya reli. Alikokuwa anakaa baba yako."

Binti aliilaza simu mezani, katikati ya vipande vya kitambaa. Alikuwa karani wa posta, mtu wa kutenga kila kitu kwenye kisanduku chake, na jambo hili halikuwa na kisanduku.

"Mama, kule hakuna nyumba ya wageni ya maana. Mvua ikinyesha dakika kumi maji yanaingia chumbani. Watu wanahama kule, wewe ndiye unayehamia?"

"Baba yako alikaa huko miaka ishirini na miwili na hakuota mapezi."

"Huo mtaa ndio uliomla baba," binti alisema, na sauti yake haikuwa ya utani hata kidogo.

Mama Pazia aliinua mguu kwenye kanyagio, cherehani ikanyamaza. Mtoto hakusema uongo. Mume wake alikuwa mfuta vioo vya maghorofa. Alining'inia kwa kamba tangu asubuhi, ndoo kiunoni, akiwasafishia wenzake madirisha ili waone mji vizuri, na wenzake hao walimwita Kioo. Nyumbani alikuja mara mbili kwa mwaka, wiki mbili mbili. Binti alikua akimjua baba kama mgeni anayeletewa kiti kizuri. Na kila mkewe alipomwambia, "Nije nikutembelee japo siku tatu," jibu lilikuwa moja: "Mwakani, mke wangu. Nikipata chumba kikubwa." Mwakani hiyo haikufika. Miaka mitatu iliyopita alirudi nyumbani na kifua kibovu, akalala wiki moja, akaenda zake.

Lakini kulikuwa na dirisha.

Miaka kumi na mitano nyuma, Kioo aliandika barua na ndani yake akatia uzi. Chumba changu, aliandika, kina dirisha kubwa linatazama reli, na jua linanipiga machoni. Nishonee pazia. Sina futi kamba, nimepima kwa uzi huu: kutoka mwanzo mpaka fundo la kwanza ni upana, kutoka hapo mpaka fundo la pili ni urefu. Mama Pazia aliunyoosha uzi mezani, akapima, akacheka peke yake kama mwehu. Upana uleule wa dirisha la chumba chake cha kushonea, na urefu uleule! Kumbe mafundi wa mji mkubwa nao hujenga kama wa kwetu, alisema. Hata kipimo kipya hakuchora. Alichukua karatasi ya dirisha lake, akakata kitambaa cha buluu kizito, kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, akakitia bitana na marinda saba.

Kioo alilisifu pazia lile mpaka anakufa. Nikilifungua asubuhi, alikuwa akisema, naiona treni ya kwanza inapita, watu wamejaa tele, kuna mmoja hunipungia mkono. Na kwa miaka yote hiyo, jua lilipotua, Mama Pazia alifunga mapazia yake mwenyewe na kuwaza: saa hizi na yeye analifunga lile. Mwanamke mzima, ana kazi na majirani, lakini ile dakika moja ya kufunga pazia ndiyo aliyoisubiri kutwa nzima.

"Nataka kuliona lile dirisha," alimwambia binti. "Daktari hajaniahidi kitu. Jicho hili wakilifungua lisipoamka, nitakuwa nimeona nini katika huo mji? Dari la hospitali?"

Binti akachukua simu yake, akalipia chumba chenye bustani. "Tufike kwanza," alisema. "Ukikiona ndipo useme."

Basi wakafika, Jumanne mchana, na chumba kilikuwa kizuri kwelikweli. Shuka zilinukia sabuni. Dirisha lilikuwa pana kama mlango. Mama Pazia aliweka mkoba chini, akaenda moja kwa moja kwenye pazia, akalishika pindo na kulipitisha kati ya vidole taratibu, kama daktari anayepima mapigo ya moyo.

"Nani ameshona hili?" alimuuliza mhudumu wa mapokezi aliyewasindikiza.

"Sijui, mama. Yanaletwa tu."

"Marinda matatu huku, matano kule. Na pindo limeshonwa na mtu aliyekuwa akipiga soga." Akauokota mkoba wake. "Silali hapa."

Mhudumu alimwangalia binti. Binti alimwangalia mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni tayari, mkoba umekumbatiwa kifuani, kidevu juu, na akajua kwamba hata marinda yangekuwa sawasawa kuliko yote duniani, jibu lingekuwa lilelile. Alishusha pumzi. "Haya, mama. Usiku mmoja. Kesho jioni tunarudi hapa, na Alhamisi unaingia hospitali umeoga na umetulia. Umesikia?"

"Nimesikia, mama yangu," alijibu Mama Pazia, kwa unyenyekevu wa mtu aliyeshinda.

Walivuka reli kwa daraja la waenda kwa miguu, binti amemshika mama yake kiwiko. Mtaa wenyewe ulikuwa kama alivyousema binti: mitaro imejaa, nyumba zimebanana, kila mtu anapika na kufua nje. Lakini Mama Pazia alitembea kama mtu anayerudi, si anayefika. Duka la mkaa, akauliza, lipo? Lipo. Bomba la maji linalovuja? Hilo hapo, bado linavuja. Alitabasamu. Kioo alikuwa amemweleza yote.

Nyumba ilikuwa ndefu, ushoroba katikati, milango huku na huku. Mwenye nyumba, mama mnene wa umri wake, funguo zimening'inia shingoni, aliposikia jina la Kioo alipiga makofi.

"Wee! Wewe ndiye fundi wa pazia?" Akamshika mikono yote miwili. "Alikuwa ananiita dada. Basi wewe ni wifi yangu. Karibu, wifi. Chumba chake sikumpa mpangaji tena, nawawekea wageni wa siku mbili tatu. Leo kitupu." Kisha furaha ikapungua usoni mwake. "Lakini wifi, kabla hujaingia..."

Wifi alikuwa ameshaingia. Kitanda, kiti, misumari ya nguo, taa inayoning'inia darini. Na ukutani mbele yake, pazia lake.

Alilifikia kwa hatua mbili. Alilijua kwa vidole kabla ya macho: marinda saba, pindo la vidole vitatu, mshono wa bitana alioufanya kwa mkono. Akasogeza jicho la kushoto mpaka karibu kabisa, chini ya taa, na moyo wake ukajaa.

"Halijapauka!" alimwambia binti. "Njoo uone. Miaka kumi na mitano juani, na buluu yake ileile! Nilimwambia yule muuzaji kwamba hiki ni kitambaa, nikaonekana..."

Mkono wake ukasimama juu ya kitambaa. Amefanya kazi ya mapazia miaka thelathini na saba, na hajawahi kuona kitambaa kinachokaa juani miaka kumi na mitano kisipauke. Kilicho bora kabisa huchoka mwaka wa nne. Aligeuza upindo, akatazama nyuma ya bitana. Nyeupe, kama siku aliyoikata.

Alilishika pazia katikati, akalifungua.

Ukuta. Umepakwa chokaa, una alama ya unyevu upande mmoja, na juu yake waya umefungwa kwenye misumari miwili. Aliugonga kwa kiganja, kana kwamba mtu angeweza kufungua upande wa pili.

"Vyumba vya nyuma havina madirisha, wifi," mwenye nyumba alisema kutoka mlangoni, kwa sauti ya chini. "Nyuma hapo ni reli tu. Nilimwambia, Kioo, hamia cha mbele, kina dirisha. Akasema kodi ya cha mbele itamfanya asiwe anarudi kwenu mara mbili kwa mwaka. Halafu akacheka, mnamjua, akasema mchana kutwa niko na madirisha, dada, jioni niache nipumzike." Alijifuta uso kwa kanga yake. "Lakini pazia lilipokuja! Asubuhi tunamsikia, 'Ngoja nifungue, kumekucha.' Jioni, 'Ngoja nifunge, jua linanipiga machoni.' Kila siku ya Mungu. Tulimcheka mwanzoni. Baadaye tukaacha."

"Alitudanganya," binti alisema. "Miaka yote. Treni, na mtu wa kupunga mkono. Ametudanganya."

Mama Pazia alikuwa anapekua mkoba. Akatoa kipande cha kadibodi kilichozungushiwa uzi, uzi ambao amekaa nao muda wote huo pamoja na vyeti na picha. Akaufungua, akaushikiza mwanzo wake kwenye msumari wa kushoto, akaunyoosha kando ya waya. Fundo la kwanza likatua juu ya msumari wa kulia. Halikuzidi, halikupungua.

Alikaa kitandani ghafla, kama aliyevutwa.

"Si la huku," alisema.

"Mama?"

"Hakupima dirisha la huku. Alipima letu. Lile la chumba cha kushonea." Alikuwa akiuzungusha uzi kidoleni na kuufungua tena. "Sijui lini. Labda nimekwenda sokoni. Akaja nao huku, akapigilia misumari. Na mimi nikacheka! Nikasema, tazama, sawasawa na langu. Mjinga mimi, sikujiuliza."

Alimkasirikia. Alimkasirikia hasa, kwa kila mwakani aliyomwambia, kwa sababu angekuja. Angekuja akalala hapa hapa bila dirisha, na asingelalamika hata neno moja. Na papo hapo alimtamani, si kwa kumbukumbu wala kwa picha, alimtamani mwenyewe, kwa mikono yake iliyochubuliwa na kamba, kiasi kwamba alilazimika kushika ukingo wa kitanda. Akalia. Mwenye nyumba aliurudisha mlango polepole akawaachia.

Baada ya muda binti alisema, "Twende, mama. Chumba kule bado kimelipiwa. Twende ukalale kwenye hewa."

"Wewe nenda. Kalale na bustani yako, kesho uje unichukue." Alipangusa pua. "Mimi nimeshafika."

Binti alisimama. Akatazama kitanda kilichobonyea katikati, misumari ya nguo, taa, ukuta. Alitazama ukuta kwa muda mrefu. Baba yake, mgeni wa kiti kizuri, alikuwa amelala hapa usiku mwingi kuliko mahali pengine popote, ili apate kuja kukalia kile kiti. Binti alijua kuhesabu, ndiyo kazi yake, lakini hili hakulihesabu. Alivua viatu, akaviweka sambamba chini ya kiti, akapanda kitandani, akajilaza upande wa ndani, uso ameuelekeza kwenye ule ukuta ulio wazi.

Akaweka mkono juu ya paji la uso.

"Mama," alisema, "funga pazia. Jua linanipiga machoni."

Mama Pazia aliinuka. Aliyavuta marinda yake kwa mikono miwili, manne huku, matatu kule, bila haraka, kama alivyofanya kila jioni, na yalipokutana katikati aliyalainisha kwa kiganja. Mahali fulani nyuma ya ukuta kukaanza ngurumo, mbali kwanza, kisha karibu, kisha hapo hapo, treni ya jioni iliyojaa watu. Waya ukatetemeka kwenye misumari yake, na pazia nalo likacheza kidogo kutoka juu mpaka kwenye pindo, na fundi akasimama ameliwekea mkono mpaka behewa la mwisho likapita.