Nani Alitangulia

Miaka tisa mchomeleaji aliosha vyombo. Mwanamume mzima, mikono ina makovu ya cheche, lakini kila baada ya chakula cha mchana anainamia karai, na akishika sahani ya kwanza humwambia mkewe, "Nisamehe, mama." Majirani walimcheka, eti kakaliwa. Wangejuaje? Miaka tisa nyuma alikonda akabaki mifupa, wakapimwa yeye na mkewe, wote wakakutwa na virusi vya UKIMWI. Yeye hoi kitandani, mke buheri wa afya. Sasa aliyeleta ni nani? Hata kipofu aliliona jibu. Mume akakiri kwamba aliwahi kutoka nje. Mkewe, fundi cherehani, akamsamehe, ingawa sabuni hakumpokonya.

Sasa leo asubuhi daktari kafungua faili la mke na kuvuruga kila kitu.

"Mama, wewe ni wa aina adimu. Hata kabla hujaanza dawa, virusi vyako vilikuwa haba. Vinasaba ulivyorithi kwa wazazi huwasaidia askari wa mwili kuzitambua mapema seli zilizoambukizwa. Mumeo hakujaliwa hivyo. Dawa endelea nazo, lakini ungeweza kukaa na virusi hata miaka kumi bila kuumwa."

"Kumbe wa kwanza kuumwa si lazima awe wa kwanza kuambukizwa?"

"Si lazima."

Mungu wangu! Na yule mchumba wake wa zamani, waliyemzika wakisema ni mapafu? Njiani akaingia dukani, akanunua nyuzi nyekundu, na sare anazoshona ni za buluu. Akinyamaza, nani atajua? Akisema, ndoa itasimama?

Walipomaliza kula, mume akakunja mikono ya shati, akashika sahani ya kwanza. "Nisamehe, mama."

"Usiniombe!" Machozi yakamtoka. "Labda ni mimi." Akamwaga yote: daktari, vinasaba, mchumba.

Mume aliduwaa, dodoki mkononi. "Lakini mimi nilitoka kweli."

"Najua."

"Sasa ni mimi au ni wewe?"

"Daktari mwenyewe hajui."

Mume akaketi kando yake, povu likimdondoka magotini. "Miaka tisa," akasema, asijue acheke au akasirike. Mke akafungua kinywa aombe msamaha, akakwama: wa kosa lipi hasa? Vyombo vilikaa karaini mpaka jioni, maana hakuna aliyejua zamu ni ya nani.