Vidole vya Musila

Jumatatu moja ya mwezi wa tano, mwaka wa 2004, saa mbili kasorobo asubuhi, Jentrix Makokha alifungua kibanda chake cha kutengeneza mashine za bustani pale Kitengela, akakuta vidole vitatu vikimsubiri juu ya meza ya kazi. Vilikuwa vya mkono wa kulia, vimenawa vizuri. Alivitambua kwa kovu la panga kwenye kidole cha shahada. Vilikuwa vya Musila.

Musila alitunza bustani katika nyumba za kupangisha za mzee Gichuru, ng'ambo ya barabara. Wiki mbili nyuma, nyasi mbichi zilikwama chini ya mashine ya kukata nyasi. Aliachilia mshikio, akainama kuzitoa. Kwenye mshikio kuna chuma cha usalama; ukiuachilia, hufyatuka na injini huzima. Siku hiyo haikuzima. Chuma kilikuwa kimefungwa kwa waya.

Jentrix aliujua huo waya. Gichuru alikuwa amesimama hapo kibandani akisema, "Haka kachuma kanazima mashine kila saa. Musila anapoteza muda akivuta kamba. Kafunge, fundi." Jentrix alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikumbuka kwamba kibanda kilikuwa kwenye kiwanja cha Gichuru, akachukua koleo.

Vidole havikumuuliza kitu. Mashine ya kwanza ilipoletwa, vilipanda juu ya injini, vikachomoa waya wa plagi, vikausogeza mbali, ndipo vikamwacha aguse kisu. Msumeno wa petroli ulipoletwa ungali moto, vililala juu ya kifuniko cha tangi mpaka injini ikapoa. Wateja walivizoea. Nashipae, aliyeuza maziwa hapo nje, alilalamika tu kwamba vinamwachia oili kwenye vikombe.

Jumatano Gichuru alileta mashine yake inolewe kisu. Vidole vikaanza kuufungua ule waya, polepole.

"Ni vya Musila hivyo?" Gichuru aliuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Musila nilishamwachisha kazi. Viambie havina kazi na mashine yangu."

Akaukaza waya tena kwa mkono wake.

Ijumaa akaja Musila mwenyewe, bendeji mpaka kwenye kiwiko. Alikaa juu ya kreti, akatazama vidole vikifanya kazi.

"Vinaendeleaje?"

"Vizuri. Vinafika mapema."

"Hata mimi nilikuwa nafika mapema." Akasogeza kreti karibu na meza. "Hiyo waya ni nani alifunga, mama?"

"Ni mimi."

"Najua. Nilitaka tu useme."

Musila aliweka mkono wake mezani, bendeji juu. Vidole vilikuja, vikaigusa, vikakaa hapo kwa muda. Kisha mtu akaingiza mashine mlangoni, vikaondoka kuifuata plagi.

"Viko na kazi," Musila alisema. "Mimi sina."

Akapanda basi la kwenda kwao Makueni, na hakurudi.

Jioni hiyo Jentrix alivuka barabara na koleo mfukoni, akamwambia Gichuru kwamba anataka kuutoa waya, na hatafunga mwingine tena.

"Sawa," Gichuru alisema bila ukali. Kesho yake akaipeleka mashine kwa fundi wa kuchomelea, chuma kikashikanishwa na mshikio moja kwa moja. Akaajiri kijana anayeitwa Lemayian. Jentrix akapewa mpaka mwisho wa mwaka kuhamisha kibanda.

Kila alfajiri vidole vilivuka barabara na kipande cha msasa kwenda kusugua pale palipochomelewa. Vilirudi saa mbili, kucha zimeisha.

Alhamisi moja mwezi wa saba, Jentrix alifungua kibanda akakuta kidole gumba kando ya vile vitatu. Kilikuwa cha kushoto, cha mtu mwenye umri mdogo, na hakijajua kukaa mezani. Vile vitatu vilikuwa vikikionyesha plagi inakaa wapi. Jentrix akavaa aproni. Ng'ambo ya barabara mashine ya Gichuru ilikuwa ikinguruma. Kulikuwa na mtu mwingine ameshaanza kazi.